Maji ya Apolina katika Gurudumu la Kushoto

Ninyi mliobaki garajini Kasongo mliniomba niwaandikie kazi niliyoifanya, kabla kichwa changu hakijaanza kuvuja kama valvu ya zamani. Haya, nimekaa, naandika. Habari za vyeo mtanisamehe, sina. Niliingia fundi wa matairi, nikatoka fundi wa matairi. Nitaandika juu ya kujaza maji katika magurudumu ya trekta, kwa sababu ndiyo kazi niliyoijua vizuri, na kwa sababu ndani ya gurudumu moja kulikuwa na maji aliyoyachota binti yetu Apolina kabla hatujampoteza. Mke wangu hakutaka maji yale yamwagike. Mmesikia mengi juu yetu, eti lile trekta lilikuwa na dawa, eti tulificha vitu ndani yake. Nataka mjue ilivyokuwa.

Siku yangu ya kwanza sikupewa hata spana. Papa Shabani, fundi mkubwa wa koperative yetu ya wakulima, mtu wa Nyangwe, mrefu, mkali, asiyependa maneno kabla jua halijapanda vizuri, alinipeleka mpaka kwenye gurudumu la nyuma akasema, "Weka mukono."

Nikaweka.

"Juu iko namna gani?"

"Iko moto, Papa."

"Shusha mukono polepole."

Nikashusha. Juu kidogo ya kitovu cha gurudumu, kiganja kilikutana na baridi ghafla, kama vile nimegusa ubavu wa mtungi.

"Pale penye baridi inaanzia, ndiyo mayi imefika. Sasa weye unaona ndani ya mupira. Kwenda ukafagie."

Nikaenda kufagia. Nilifagia muda mrefu sana kabla hajaniruhusu kushika kitu kingine. Lakini mpaka leo, nikipita karibu na trekta lililopigwa jua la asubuhi, mkono unakwenda wenyewe.

Mnajua udongo wetu, hasa kule vilimani njia ya Kabambare. Mvua ikinyesha, trekta jepesi haliendi popote. Magurudumu yanazunguka palepale, yanajichimbia shimo, na nyote mnasimama kulitazama kama maiti. Likiwa na maji ndani ya matairi ya nyuma linapata uzito, linauma udongo, jembe linakwenda. Kazi yenyewe haina siri. Unaliinua gurudumu kwa kriki mpaka lizunguke bure. Unaileta valvu juu kabisa. Unafungua kile kichuma kidogo cha ndani ya valvu, na usikiweke mdomoni, maana Papa Shabani alikimeza kimoja mbele yangu na akanikataza kucheka. Unachomeka mpira mwembamba kutoka kwenye pipa lililowekwa juu ya jukwaa, maji yanashuka yenyewe. Kila mara unauchomoa, hewa itoke. Gurudumu linakohoa, linatema mate, unachomeka tena. Maji yanapoanza kutoka kwenye valvu yenyewe, basi limeshiba. Unafunga, unaongeza upepo.

Kosa letu kubwa tulilifanya kwa trekta la kwanza, na tulilifanya kwa adabu zote. Lilikuja na kitabu cha Kifaransa. Kitabu kilisema maji yatiwe chumvi ili yasigande kwa baridi. Papa Shabani alikuwa mtu wa kuheshimu kitabu, nasi tulimheshimu Papa Shabani. Chumvi wakati ule ilikuwa ya shida Kasongo, watu walilamba vidole. Sisi tukaimwaga ndani ya magurudumu mbele ya macho ya kina mama. Mama mmoja aliuliza kama trekta nalo linakataa kula chakula kisicho na chumvi. Katika maisha yangu yote sijaona maji yakiganda mji huu, isipokuwa ndani ya friza ya masista, na hiyo nayo ni siku umeme upo. Misimu michache baadaye maji ya chumvi yalivuja kwenye valvu yakala chuma cha janti, ile duara inayoshika tairi, mpaka kikamomonyoka kama biskuti. Trekta la pili tulilijaza maji matupu.

Trekta hilo la pili ndilo ninalolisimulia. Lilipofika, pampu ya koperative ilikuwa imekufa, na mto uko mbali. Papa Shabani akatangaza sokoni, msikitini na kanisani: kila nyumba inayotaka kulimiwa ilete bidoni moja ya maji kutoka chemchemi yake. Ilikuwa shida tu iliyomfanya aseme vile. Lakini watu walilipenda jambo hilo, likawa desturi. Kila msimu, maji ya kuongeza yaliletwa na nyumba zote, na nyumba isiyoleta shamba lake lilingoja mwisho. Waliokuja na bidoni nusu walizomewa. Wengine waligombana maji ya nani yataingia kwanza. Papa Shabani aliwaambia, "Likisha kunywa, trekta ni ya kila mutu," na hakuna aliyembishia.

Siku ile ya kwanza kabisa ya kujaza, maji ya nyumba yangu yaliletwa na Apolina. Alikuwa binti yetu wa pekee. Wengine wawili walikufa wadogo, kwa hiyo tulimpenda kwa hofu. Alikuwa anamaliza shule ya sekondari, mdomo mrefu, mcheshi, hawezi kunyamaza. Alipanda na bidoni kichwani kutoka chemchemi ya kwetu, na alipofika hakukubali mtu amsaidie. Alipanda jukwaani mwenyewe, akamimina ndani ya pipa la gurudumu la kushoto, nusu ikamwagikia shati la Papa Shabani.

"Eh, weye mutoto! Unanibatiza?"

"Apana, Papa Shabani. Ninakuosha tu, umechafuka."

Papa Shabani alicheka. Mimi sikuwa nimewahi kumwona akicheka kazini. Halafu Apolina akaweka sikio kwenye tairi, akanigeukia. "Papa, hii kitu inakunywa kupita weye siku ya Noeli." Watu wote wakacheka, na mimi nikajifanya nimekasirika.

Hakupita muda. Kabla ya mavuno ya mpunga alikwenda kumsalimia shangazi yake ng'ambo ya Lualaba. Alipanda mtumbwi pale Nyangwe na watu wengine na magunia. Katikati ya mto mtumbwi ulijaa maji ukapinduka. Wengine waliokolewa. Yeye hakuonekana. Wavuvi walimtafuta, wakatupa nyavu, wakashuka mpaka mbali kwenye mawe, na Papa Shabani, ambaye ndugu zake ni wavuvi, alikwenda nao, hakurudi mpaka wote walipochoka. Hatukupata hata kitambaa chake cha kichwani. Tulifanya kilio bila mwili. Padri alisoma misa, Papa Shabani alisimama nje ya kanisa amevaa kofia yake, akilia bila kujifuta.

Mtu aliyezika ana mahali pa kwenda. Sisi hatukuwa na mahali. Garajini wenzangu waliacha kuniita Papa Apolina, walidhani wananihurumia, wakaniita "fundi". Iliniuma, sikuwaambia. Mke wangu peke yake aliendelea kuniita hivyo, naye nilimwita Mama Apolina kama zamani.

Asubuhi moja nilimkuta garajini. Amesimama kwenye gurudumu la kushoto, kiganja kwenye tairi, anakishusha polepole. Nilikuwa nimemwonyesha jambo hilo zamani, kwa kujisifu tu.

"Mayi yake ingali humu," akaniambia.

"Mama, imechanganyika na mayi ya watu wote."

"Najua. Wakati wanachanganya, na yake ilikuwa ndani. Papa Apolina, hii mayi musiimwage. Mufanye kazi yenu yote, lakini hii musiimwage."

Nilimwambia haitamwagika. Papa Shabani alikuwa chini ya trekta, amesikia yote, na kutoka kule chini akasema, "Haitamwagika, mama yangu."

Akawa anakuja karibu kila asubuhi, akielekea shambani. Anaweka mkono, anasimama kidogo, anakwenda. Ninyi vijana mlikuta jambo hili mkalizoea. Wapita njia hawakulizoea. Watu wa dhahabu walianza kupita kwa wingi, wametoka Kivu na kwingine, wanakwenda machimboni, na mtu wa dhahabu akiona mama anapapasa kitu kila siku, hafikirii maombolezo. Ikasemekana kwamba fundi wa matairi ana mali yake humo.

Siku moja niko njiani kwenda kazini nikasikia kelele za mke wangu. Nikakimbia. Mtu asiyejulikana alikuwa amefungua valvu ya gurudumu la kushoto, na trekta lilikuwa limesimama valvu ikiwa chini. Mama Apolina alikuwa amepiga magoti kwenye tope, ameziba valvu kwa kidole gumba, maji yanamrukia usoni, kifuani, anapiga kelele, "Inatoka! Inatoka!"

Papa Shabani alifika nyuma yangu. Hakuuliza kitu. "Kriki!" Tukaweka kriki. "Mama yangu, usitoe kidole. Tutazungusha gurudumu, na weye unazunguka nayo. Umesikia?"

Akasema amesikia. Tukaliinua, tukalizungusha taratibu, na yeye akapanda pamoja nalo: kutoka magotini, akachuchumaa, akainama, akasimama, mwisho akawa kwenye ncha za vidole, mkono umenyooka juu kabisa, kidole bado kwenye valvu. Valvu ilipofika juu Papa Shabani alimwambia, "Sasa toa." Akatoa. Hakikutoka hata kitone. Nilitafuta kichuma kingine cha ndani, nikakiangusha mara nyingi kabla sijafunga. Mke wangu alikuwa amelowa chepechepe, anatetemeka, kidole kimevimba. Nilimfunika kwa koti langu la kazi, nikamwambia aende nyumbani. Alikataa mpaka apime. Akaweka mkono. "Imeshuka," akasema, "lakini iko."

Kwa hiyo ile kanuni ninayowapigia kelele, kwamba trekta lisilale valvu ikiwa chini, msidhani ni ukali wa wazee.

Baadaye ukaja wakati wa fujo, tukakimbia sote, mimi na mke wangu tukaishia Wamaza kwa ndugu zake, tukilima mihogo ya watu. Kule aliniuliza mara nyingi juu ya trekta, mara chache juu ya nyumba. Tuliporudi tulikuta garaji haina milango. Trekta lilikuwa limetolewa betri, kiti, taa, hata kofia ya bomba la moshi, ambayo sijui mtu ataipeleka wapi. Magurudumu ya nyuma yalikuwepo. Uzito wake uliwashinda. Mama Apolina alikuwa na mzigo kichwani, hakuutua. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile la kushoto akaweka mkono, ndipo akakubali tuende kuangalia nyumba, ambayo paa lake lilikuwa limekwenda na betri.

Papa Shabani alifariki msimu uliofuata, kwa ugonjwa wa kifua. Nilikaa naye siku zake za mwisho, Nyangwe, kwenye nyumba inayotazama mto. Alikuwa ameomba kitanda kigeuzwe asiuone. Aliniambia mambo ya kazi tu, gundi gani inashika, kriki gani isiaminiwe. Kisha akasema, "Yule mutoto aliniosha." Akalala. Mimi sina baba mwingine aliyenifundisha kitu kama yeye, na ninamkumbuka kila ninapokosea.

Sasa mwisho wa trekta. Tulilifufua likalima misimu mingine, lakini vipuri viliadimika, koperative ikadhoofika, na mwaka huu, wiki zangu za mwisho kazini, trekta likauzwa kwa mtu mwenye mashamba ya mpunga ng'ambo ya Lualaba, upande wa Kibombo. Shofere wake alikuja na ujumbe wa watu wa kivuko, kile tunachokiita baki: trekta lisipande na maji ndani ya magurudumu. Baki imechoka, haitabeba uzito ule. Litolewe maji, au libaki.

Nilikwenda nyumbani kumwambia mke wangu. Nilizunguka nyumba kwanza, naogopa. Alikuwa anapepeta mchele. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Inakwenda ng'ambo?"

"Ndiyo."

"Kupitia mule mayini?"

"Hakuna njia ingine, Mama."

Akaweka ungo chini. Nilidhani atapiga kelele. Alisema polepole, "Miaka yote nilikataa imwagike. Sasa nasema, imwagike. Afazali inywewe na udongo wa kwetu kuliko muivushe mule. Mule hapana. Munisikie, mule hapana."

Asubuhi alikuja nami. Hakubeba beseni wala chupa. Alikaa juu ya tofali. Nikaweka kriki, nikaileta valvu chini, nikafungua. Maji yalitoka meusi, yananuka mpira na kutu, yakachora mfereji katikati ya garaji yakapotea kwenye majani. Yalichukua muda mrefu. Yeye alitazama tu, na mimi sikuweza kumtazama. Nilikuwa nimemwaga maji ya magurudumu maisha yangu yote, na siku ile niliona namwaga mtoto.

Yakapungua, yakawa matone, yakaacha.

"Imekwisha?" akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini amekaa na fundi wa matairi tangu usichana wake, na alikuwa ananitazama machoni. "Haikwishi yote, Mama. Valvu haigusi chini kabisa. Kuna kidogo inabakia, na hiyo haitoki mpaka tuvue mupira."

"Muvue."

Tulijaribu. Ninyi wawili mliokuwepo mnakumbuka. Tairi na janti vilishikana kwa kutu, nyundo iliruka, mitarimbo ilipinda. Shofere akaanza kulalamika, "Papa, mutanipasulia mupira, na baki inaningoja!" Alikuwa na haki. Niliweka nyundo chini.

"Kwa hiyo anakwenda," akasema mke wangu.

"Ni kidogo tu, Mama."

"Kidogo ya nani?"

Akasimama, akakaza kitenge chake. "Twende," akasema. Tangu Apolina apotee, hakuwa amekanyaga tena ukingo wa Lualaba. Hata samaki wa mto ule hali.

Shofere akaondoa trekta, sisi wawili tukafuata kwa pikipiki, na mwenye pikipiki wa tatu. Tulipofika, lilikuwa linapandishwa juu ya mbao. Baki ilizama upande, watu wakapiga yowe, kisha ikajisawazisha. Ikaondoka. Mama Apolina alinishika kifundo cha mkono, kucha zikaingia. Katikati ya mto maji yaliisukuma baki ikageuka pembeni, moshi mweusi ukapanda, mashine ikanyamaza kidogo, ikashika tena. Hakusali. Nilisikia pumzi yake tu.

Ikagusa ng'ambo. Nikaanza kushukuru, na ndipo nikakumbuka kazi yangu. Ukingo wa kule ni tope tupu, na mimi nilikuwa nimeondoa uzito. Magurudumu ya mbele yalipanda. Ya nyuma yalifika kwenye tope yakaanza kuzunguka bure. La kushoto lilirusha tope mpaka juu ya baki, likateleza, likarudi nyuma kuelekea majini, nusu ya tairi ikazama.

"Anarudi!" mke wangu akapiga kelele. "Papa Apolina, anarudi!"

Nilipiga kelele na mimi, mjinga, kana kwamba watanisikia ng'ambo ya Lualaba: wekeni matawi, wekeni matawi chini ya mupira! Kule watu wa ukingoni, wavuvi, wauza mihogo, kina mama waliokuwa wanafua, waliacha shughuli zao wakashuka. Tuliwaona wadogo kabisa. Wengine walitupa makuti, wengine walijibandika nyuma ya trekta, maji yamewafika kiunoni, wakasukuma. Likatikisika. Likateleza tena. Wakasukuma. Gurudumu la kushoto likashika kitu, likapanda, likatoka majini, likafika juu kwenye nyasi, na trekta likasimama.

Mke wangu aliachia mkono wangu. Kucha zake zilikuwa zimeacha damu.

"Amevuka," akasema. Kisha akanigeukia, akasema kwa sauti watu wote wakasikia, "Papa Apolina, mutoto amevuka."

Nikaketi chini palepale ukingoni, mzee mzima na nguo za kazi, nikalia jinsi ambavyo sikulia hata siku ya kilio chake, na mama yake akaniwekea mkono kichwani, akaungoja mto wote unyamaze ndani yangu kabla hatujarudi nyumbani.